Moto Nje, Joto Ndani: Mwongozo wa Kutia Hita ya Dizeli katika Gari la Kulala

Wewe msomaji uliyenunua gari la mizigo lililokwisha kutumika, kama vile Volkswagen Transporter au Ford Transit, ukalitia mbao, kitanda na kabati ili liwe nyumba yako ya kutembelea milima ya Uskoti au misitu ya Ujerumani ya kusini, huna budi kujua tangu mwanzo kwamba adui mkubwa wa nyumba hiyo ni baridi ya usiku. Kwa maana bati la gari halizuii zamhariri, na vioo vyake huitoa nje hari yote iliyokusanywa mchana, hata ikifika saa tisa ya usiku katika mwezi wa Januari, kandokando ya Aviemore, maji yaliyosazwa katika kikombe yaweza kukutwa yameganda. Wenzetu wengi waliohamia Uingereza, Ujerumani na Uholanzi wameyapenda magari haya, nao wametoka katika nchi ambazo aghalabu mtu hujenga nyumba ili aupate upepo, si ili auzuie. Kwa hiyo elimu ya kupasha chumba moto hawakuirithi kwa wazee wao, na sharti waisome.

Fikira ya kwanza imjiayo mtu ni kuliwasha jiko la gesi analopikia, akaliacha likiwaka mpaka chumba kipate joto. Fikira hii ni mbaya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni unyevu: kila kilo moja ya gesi ya propeni iunguapo huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na maji hayo, yakiwa mvuke, hutua juu ya vioo, godoro na bati, yakaleta kuvu na kutu. Ya pili ni kubwa kuliko hiyo, nayo ni mauti. Watu wa kwetu hawana haja ya kuelezwa jambo hili kwa urefu, kwani ni nani asiyepata kusikia habari ya jamaa waliofunga mlango na dirisha kwa ajili ya baridi ya Lushoto au Limuru, wakalala na jiko la makaa chumbani, asubuhi wakakutwa maiti? Kinachoua ni hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni iishikavyo, hata mwenye kulala akafa pasipo kuamka.

Hita ya dizeli imeundwa ili kuitenga hatari hiyo, na ukiufahamu muundo wake utaifahamu kazi nzima ya kuitia. Ndani yake mna chemba ndogo ya moto. Chemba hiyo huvuta hewa yake kutoka nje, chini ya gari, kwa bomba moja, na hutoa moshi wake nje, chini ya gari, kwa bomba jingine. Na kuta zake zimezungukwa na gamba la alumini lenye mapezi mengi. Feni hupeperusha hewa ya chumbani juu ya mapezi hayo, ikaingia baridi upande mmoja na kutoka moto upande wa pili. Basi kuna hewa mbili: hewa ya moto, na hewa ya wenye kulala, na kati yao umesimama ukuta wa alumini, ambao hupitisha joto na haupitishi kitu kingine. Yote nitakayoyasema juu ya matundu, mabomba, gasketi na kengele yanarudi katika jambo hili moja, kwamba hewa hizi mbili zisikutane hata kidogo, wala siku ile unapoitia hita, wala baada ya miaka kumi ya matope na mitikisiko ya barabara.

Asili ya hita hizi ni Ujerumani, na ni jambo la kupendeza kwamba makampuni mawili mashuhuri katika ufundi huu, Eberspächer iliyoanzishwa mwaka 1865 na Webasto iliyoanzishwa mwaka 1901, yote mawili yalizaliwa katika mji mmoja wa Esslingen, kando ya mto Neckar, ingawa Webasto ilihamia baadaye Stockdorf, karibu na Munich. Siku hizi ziko pia za Autoterm, na ziko za Kichina ambazo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya hizo za Kijerumani. Sitamkataza mtu asiye na fedha nyingi kununua ya Kichina, maadamu atayakagua mabomba na waya zilizomo sandukuni, avitupe visivyofaa na kununua vilivyo bora; bali namwonya asidanganywe na maandishi, kwani hita iliyoandikwa kilowati 8 mara nyingi ni ile ile ya kilowati 5 iliyobadilishwa karatasi. Tazama pia alama ya idhini ya Ulaya, herufi E ndani ya duara, maana hita za magari zina kanuni yake, Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 122, na kampuni ya bima ina haki ya kukuuliza habari hiyo.

Katika kuchagua ukubwa, wengi hukosea kwa kudhani kuwa kikubwa ndicho bora. Gari la kadiri ya Transporter, lililotiwa sufi au povu ndani ya kuta zake, hutoshelezwa na hita ya kilowati 2; lile refu la dari ya juu, kama Mercedes-Benz Sprinter, ndilo liwezalo kustahili kilowati 4. Sababu yake si bei. Hita hupenda kazi: ikiungua kwa nguvu, mafuta yote hugeuka moto, na chemba hubaki safi; bali ikilazimishwa kuungua kidogo kidogo usiku kucha kwa kuwa chumba ni kidogo na yenyewe ni kubwa, mafuta hayaungui sawasawa, na masizi hujikusanya ndani yake mpaka siku moja ikakataa kuwaka, na siku hiyo, kwa kawaida, huwa ndiyo ya baridi kuliko zote. Nunua ndogo, na uiache ijitahidi.

Mahali pa kuiweka panategemea gari. Wengi huiweka chini ya kiti cha abiria, ambapo haili nafasi ya chumba na mabomba yake hushuka moja kwa moja. Wengine huifunga nje kabisa, chini ya sakafu, ndani ya sanduku la chuma, na hapo yale mabomba ya hewa ya chumbani ndiyo yanayopaswa kutoboa bati. Mimi naipendelea ile ya ndani, kwa sababu inaepukana na matope na chumvi imwagwayo barabarani wakati wa theluji, na kwa sababu fundi aweza kuifikia bila kulala chini kwenye baridi. Popote utakapopachagua, kabla ya kushika keekee, ingia chini ya gari ukiwa na tochi, uangalie kila kipitacho hapo: mabomba ya breki, mabomba ya mafuta, nyaya, na tangi lenyewe. Pima mara ya pili kutoka ndani, kwa kutoboa kitundu kidogo cha kielekezi na kukichungulia kutoka chini, ndipo ulikate tundu kubwa. Likiisha kukatwa, lisuguliwe kwa tupa mpaka kingo zisiwe na ukali, nazo zipakwe rangi ya kuzuia kutu na kuachwa zikauke. Kazi hii haichukui nusu saa, na asiyeifanya atauona uozo wa bati lake katika miaka michache.

Sakafu za magari haya aghalabu zina mikunjo, ilhali hita yataka pahali palipo sawa kabisa. Ukiikaza juu ya mkunjo, mwili wake hupinda kidogo usikoweza kuona, na feni ya ndani ikaanza kukwaruza. Na lililo baya zaidi, gasketi ya chini haishiki pande zote, na hapo ndipo moshi uvujao chini ya gari huweza kupata njia ya kupanda chumbani. Kwa hiyo tumia bamba la chuma lililotengenezwa kwa kazi hiyo, ulipige silikoni ya magari chini yake, ulikaze kwa boliti, kisha ndipo uikalishe hita juu ya bamba na gasketi yake mpya. Ukiisha kuikaza, izungushe feni kwa kidole: ikizunguka bila kugusa kitu, umefaulu.

Sasa tuje kwenye bomba la moshi, na hapa nakuomba usifanye haraka. Bomba hili hupata moto wa mamia ya nyuzi, kwa hiyo lisipite karibu na plastiki, wala mpira wa breki, wala bomba la mafuta, wala tairi la akiba. Na pale ambapo haliwezi kuepuka ujirani huo, livikwe kitambaa kisichoungua na liwekewe ngao ya bati. Lishikwe kwa vibano vya chuma katika urefu wake wote, maana bomba linaloning'inia hutikisika mpaka likapasuka, nalo hupasuka kwenye kiungo kilicho karibu na hita, ambapo madhara yake ni makubwa kuliko mahali pengine. Kila kiungo kikazwe kwa klempu na kipakwe dawa ya kuziba ya mabomba ya moshi. Katika sehemu yake iliyo chini kuliko zote litobolewe kitundu kidogo cha milimita chache, ili maji yazaliwayo na moshi yapate kutoka. Yasipotoka hulala bombani, huganda usiku, na asubuhi bomba huwa limezibwa na barafu. Sailensa nyingi za bei rahisi huvuja kwenye mishono yake. Hilo si kosa kubwa ikiwa imefungwa wazi chini ya gari, lakini usiiweke kamwe mahali penye kuzungukwa na bati, ambapo moshi waweza kukusanyika.

Ncha ya bomba nayo ina sheria zake. Isielekee mbele, kwani upepo wa safari utausukuma moshi urudi ndani ya chemba. Isifikie mwisho wake chini ya dirisha lifunguliwalo, wala chini ya mlango wa ubavuni, wala karibu na bomba livutalo hewa ya moto, kwa maana hita inayovuta moshi wake yenyewe huzimika au hujijaza masizi. Bomba la kuvuta hewa, ambalo ni la baridi na halina hatari ya kuunguza, lielekezwe mahali pasiporukiwa na maji ya magurudumu. Kuna watu, kwa uvivu wa kutoboa tundu la pili, waliolielekeza bomba hilo livute hewa ya chumbani. Wasiigwe. Mpaka kati ya hewa mbili ukiuvunja kwa upande mmoja, umeuvunja wote.

Mafuta ndiyo yanayowashinda mafundi wengi kuliko moshi, kwa sababu kosa lake halionekani. Hita haivuti dizeli kama injini ivutavyo. Inalishwa na pampu ndogo ya umeme inayopiga tik, tik, tik, na katika kila pigo hutoa tone lililopimwa, hata saa nzima ya kuungua ikatumia kadiri ya robo lita tu kwa nguvu zote, na karibu na sehemu moja ya kumi ya lita kwa nguvu ya chini. Kwa kuwa vipimo ni vidogo hivyo, kipovu kimoja cha hewa ndani ya bomba kina thamani ya matone mengi. Basi bomba la mafuta liwe gumu, la nailoni, lenye upana wa ndani usiozidi milimita 2. Yale mabomba laini yanayokuja na hita za bei ndogo hututumka na kunywea katika kila pigo la pampu, na tone halifiki jinsi lilivyopimwa. Likatwe kwa wembe mkali, si kwa koleo, maana koleo hulibana mdomo. Na unapoyaunga mabomba mawili kwa kipande cha mpira, ncha zao zigusane ndani ya mpira huo, pasibaki uwazi wa kupumzikia povu.

Pampu iwe karibu na tangi kuliko na hita, kwa sababu inajua kusukuma zaidi ya inavyojua kuvuta. Na ifungwe kwa kulala mshazari, upande wa kutolea mafuta ukiwa juu, ili hewa iliyoingia ipate kupanda na kupita. Ivikwe mpira mnene inaposhikana na bati, la sivyo pigo lake litasikika chini ya mto wako usiku kucha. Kichujio kidogo kitangulie mbele yake.

Ama juu ya kuyachota mafuta, ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuweka tangi dogo la peke yake, na ya pili ni kutumia tangi la gari. Tangi dogo ni rahisi kulitia, lakini watu huliweka chumbani, na dizeli ikimwagika juu ya zulia harufu yake haiondoki msimu mzima. Kwa hiyo asiyekuwa na mahali pa nje pa kulifunga asilitie. Mimi nasema litumike tangi la gari. Baadhi ya magari, kama Ford Transit za siku hizi, huja na kituo cha ziada cha kutolea mafuta juu ya tangi, kilichozibwa, kikingojea kazi kama hii; mengine yataka tangi lishushwe, na bomba la kuchotea litiwe katika bamba la juu. Tangi lishushwe likiwa karibu tupu, na chembe za kutoboa zisiachwe ziangukie ndani. Bomba hilo la kuchotea likatwe mshazari, na urefu wake usifike chini kabisa ya tangi: liishie pale ambapo hita itakosa mafuta ilhali injini bado inayo ya kukufikisha kituoni. Mtu aliyelala bondeni Glencoe, akaamka akakuta joto limekwisha na mafuta ya kuendesha pia yamekwisha, amepata mashaka mawili kwa bei ya uzembe mmoja.

Kumbuka pia kwamba dizeli ya kiangazi si dizeli ya majira ya baridi. Ile iuzwayo Uingereza katika miezi ya baridi imetengenezwa ipite katika vichujio hata katika nyuzi 15 chini ya sifuri, na ile ya Skandinavia zaidi ya hapo. Bali aliyejaza tangi kusini mwa Hispania mwezi wa Oktoba, akapanda nayo mpaka milima ya Alps, aweza kuikuta imeanza kuwa kama nta, na kichujio kimezibika. Kabla ya kupanda mlima, tumia ile ya kusini na ujaze ya mahali ulipo.

Umeme hauna maneno mengi, lakini una neno moja zito. Hita ikiwa imekwisha kuwaka hula kidogo sana, kadiri ya ampea moja hadi mbili za volti 12 usiku kucha, hata betri ya ampea-saa 100 ikaistahimili pasipo taabu, ijapokuwa ni ya risasi, ambayo haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake. Lakini inapoanza kuwaka, ile plagi yake ya moto huhitaji ampea 8 hadi 10 kwa dakika moja au mbili, na kabla ya kuzimika huihitaji tena. Waya ukiwa mwembamba, volti hupungua njiani. Betri husema ina volti 12 na hita huona 10, ikakataa. Na mwenye gari hununua betri mpya, kisha pampu mpya, kisha hita mpya, na ugonjwa uko katika waya. Kwa hita ya kilowati 2, ikiwa urefu wa waya wa kwenda na wa kurudi kwa jumla haupiti mita 5, tumia waya wa milimita za mraba 4. Ukifika mita 8, tumia wa 6. Chukua umeme kutoka kwenye betri ya chumbani, si ile ya kuwashia injini, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Usiipitishe hita katika swichi kuu ambayo una desturi ya kuizima unapoondoka. Sababu yake nitaisema hivi punde.

Mabomba ya hewa ya chumbani ni kazi nyepesi. Yasipindwe kwa ukali, yasiwe marefu kupita haja, na mdomo wake usifunikwe na blanketi wala viatu, maana hita isiyoweza kutoa joto lake hujizima kwa kujihami. Kipima-joto kiwekwe karibu na kitanda, mbali na mdomo wa hewa moto, kisije kikadhani chumba kizima kimepata hari. Hata usiku wa baridi kali, acha dirisha moja wazi kwa upana wa kidole. Pumzi za wenye kulala zina unyevu, na hita, iwapo inaizungusha hewa ile ile, haiwezi kuuondoa.

Siku ya kuiwasha mara ya kwanza, gari liwe uwanjani na milango iwe wazi. Feni itaanza polepole, plagi itapata moto, na pampu itaanza kupiga. Lakini kwa kuwa bomba la mafuta ni tupu, hita itajaribu, itashindwa, na itajizima. Hili si kosa. Yaache mafuta yatembee, ukiyatazama ndani ya bomba lipitishalo nuru, na ujaribu tena. Ila usiilazimishe pampu imwage bila kiasi, kwani dizeli iliyofurika chembani huja ikawaka kwa wingi wa moshi mweupe wa kutisha jirani. Ikiisha kushika, moshi hupungua mpaka usionekane, na mngurumo wake huwa mmoja usiobadilika. Hapo ingia chini ya gari, ukipitishe kiganja, kwa mbali, kando ya kila kiungo cha bomba la moshi. Pumzi ya moto ikikupiga mahali pasipokuwa ncha, zima na ukaze.

Kisha uifunge milango, uiache iungue saa nzima, na ndani uwe umekwisha kufunga kengele ya kaboni monoksidi. Hili silijadili na mtu. Nunua ile yenye kiwango cha EN 50291-2, ambacho ndicho kilichowekwa kwa magari ya kulala na mashua. Ile ya nyumba za kawaida haikupimwa kwa mitikisiko. Ifunge mahali ambapo hewa huvutwa na mwenye kulala, wala si mbele ya mdomo wa joto, uijaribu kwa kitufe chake kila uanzapo safari, na utazame nyuma yake mwaka iliopangiwa kumalizika, kwa maana chombo kilichomo ndani huchoka ingawa taa yake ingali ikiwaka. Kengele ikilia, au kichwa kikiuma na kizunguzungu kikija pasipo sababu, usitafute chanzo: toka nje wewe na wote ulio nao, acha mlango wazi, na upige simu ya dharura, 999 Uingereza au 112 popote Ulaya.

Katika matumizi ya kila siku, jambo la kwanza ni namna ya kuzima. Unapobonyeza kitufe, hita haizimiki papo hapo: hukata mafuta, huchoma mabaki, na feni huendelea kwa dakika kadhaa mpaka chemba ipoe. Ukiikatia umeme katika wakati huo, joto lililofungiwa ndani huunguza vifaa vyake na mafuta yaliyosalia hugeuka kaa gumu. Ndiyo sababu nikasema isipitie swichi kuu. Jambo la pili ni kuinyima uvivu. Ikiwa imeungua kwa nguvu ya chini usiku kucha, asubuhi ipandishe mpaka juu kabisa kwa dakika ishirini au thelathini, madirisha yakiwa wazi kama ni lazima. Na katika kiangazi, usipoihitaji, iwashe walau mara moja kwa mwezi kwa dakika kumi, ili mafuta ya zamani yasikauke bombani.

Lazima izimwe kabla ya kuingia kituo cha mafuta, kwani ni moto uwakao. Na isiwashwe katika gereji, wala katika sitaha ya magari melini, wala mahali popote penye dari na kuta ambapo moshi utabaki. Theluji ikianguka usiku, toka ukalichimbue bomba la moshi kabla haijafikia kimo chake. Na ukipanda juu ya mita 1,500 hivi, hewa huwa nyepesi, na hita isiyojua kujirekebisha huendelea kutiwa mafuta ya pwani kwa hewa ya mlimani, ikajaa masizi. Hili huwapata wapitao njia za juu za Alps, na huwapata pia wale wasafiri wa Ulaya wateremkao na magari yao kupitia Addis Ababa, ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,300, hata Nairobi, uliozidi mita 1,600, wakashangaa kwamba hita iliyowafaa Norwei inatoa moshi mweusi karibu na Ikweta. Ziko hita zenye kipimo cha kimo ndani yake. Kama yako haina, na rimoti yake inaruhusu, punguza mapigo ya pampu uwapo huko juu na uyarudishe uteremkapo.

Ikikataa kuwaka, anza na kilicho rahisi. Pima volti kwenye hita yenyewe wakati plagi inapopata moto, si kwenye betri. Sikiliza pampu: ikipiga na mafuta hayatembei, tafuta povu, kichujio kilichozibika au dizeli iliyoganda. Moshi mweupe maana yake ni mafuta yasiyoungua, na mara nyingi plagi imechoka au umeme ni haba. Moshi mweusi maana yake ni hewa haba, basi tazama kama tope au barafu imeziba bomba, au mdudu amejenga ndani yake. Hita nyingi, zikishindwa mara kadhaa mfululizo, hujifunga makusudi, na kuzifungua ni kwa utaratibu ulio katika kitabu chake. Usimkubalie mtu akufundishe kuizunguka kinga hiyo.

Kabla ya kila majira ya baridi, ing'oe plagi uitazame pamoja na kile kijichujio cha wavu wa chuma kiizungukacho, ambacho ni cha bei ndogo na ndicho kizibikacho kwanza. Kibadilishe bila kusita. Baada ya miaka kadhaa, au ikianza kuwaka kwa shida hali umeme na mafuta ni sawa, chemba yenyewe hufunguliwa na masizi hukwanguliwa. Asiyepata kuifanya kazi hiyo ampelekee mwenye ujuzi, na yeyote atakayeifanya asirudishe gasketi ya zamani hata ikionekana nzima, kwa kuwa imekwisha kubanwa na kushika umbo la mahali ilipokaa kwanza na haitaziba mara ya pili. Ikirudishwa mahali pake, na iwashwe uwanjani kwa nguvu zote nusu saa, milango ikiwa imefungwa, kengele iko juu ya kitanda na mwenye gari yuko nje, ndipo watu walale ndani.